Je, wajua? Uso wako ndani ya kilobaiti 50

Mwaka 2024, kijana wa India aliyeomba kufanya mtihani wa kuingia utumishi wa juu wa serikali alikuta sharti la ajabu kwenye tangazo la tume ya utumishi, UPSC. Kama picha aliyoiambatisha ina ndevu, basi aje na ndevu. Aje nazo kwenye mtihani wa mchujo, aje nazo kwenye mtihani mkuu, aje nazo hata kwenye usaili. Sharubu na miwani navyo vilibanwa na sharti hilohilo. Tangu mchujo hadi usaili hupita zaidi ya nusu mwaka, kwa hiyo kabla ya kukaa mbele ya kamera ilibidi mtu apatane kwanza na wembe wake. Picha yenyewe isiwe imepigwa zaidi ya siku 10 kabla ya maombi kufunguliwa, uso ujaze robo tatu ya nafasi, na jina la mwombaji na tarehe ya kupigwa viandikwe humohumo kwenye picha.

Huku kwetu kitu hicho tunakiita paspoti saizi. Tunakikumbuka saa ya mwisho, fomu ikiwa imeshajazwa, mwenye steshenari anauliza "bluu au nyeupe?", na baada ya muda mfupi tunatoka na kibahasha chenye nyuso nne zilizonuna. Kwa jicho la mpiga picha wa harusi, hii ni picha mbovu. Haina tabasamu, haina mandhari, haina hata kivuli. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa kuwa atakayeitazama si mchumba wala mama mzazi. Ni mlinzi wa mlangoni, na siku hizi ni mashine.

Adui aliyeileta duniani ni mamluki, yule anayeingia kwa jina la mwenzake. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, ofisa wa akiba wa jeshi la maji la Ujerumani, Carl Hans Lody, aliingia Uingereza akijifanya mtalii wa Kimarekani. Pasipoti yake haikuwa ya kughushi. Ilikuwa halali kabisa, ya Mmarekani aitwaye Charles A. Inglis, iliyopotelea Berlin mikononi mwa maofisa. Kwa kuwa zama hizo pasipoti ya Marekani haikuwa na picha, Lody alichotakiwa kufanya ni kuitika akiitwa Inglis. Barua na telegramu zake ndizo zilizomponza, akapigwa risasi katika Tower of London Novemba 6, 1914. Kabla mwaka haujaisha Marekani ikaamuru pasipoti zake ziwe na picha. Uingereza ikafuata 1915. Mwanzoni watu walipeleka chochote: waliovaa kofia, waliokaa bustanini, wengine na familia nzima. Masharti tunayoyaona leo yalikuja kidogokidogo, kila moja likiziba tundu fulani.

Tundu kubwa kuliko yote ni macho yetu wenyewe. Tunajiamini kwamba tunajua kulinganisha sura, kwa sababu ndugu yetu tunamtambua hata kwenye picha iliyofifia. Kwa mgeni mambo ni mengine. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliowapima maofisa pasipoti wa Australia: mtu anasimama mbele yako, unapewa picha, sema kama ni yeye. Picha ilipokuwa ya mtu mwingine, maofisa hao, watu wanaolipwa kwa kazi hiyohiyo, waliipitisha mara 14 katika kila 100. Waliofanya kazi miaka mingi hawakuwashinda waliotoka kuajiriwa. Sasa mfikirie msimamizi wa mtihani asubuhi ya Delhi, foleni imefika barabarani na kengele inakaribia kulia. Ndiyo maana masharti ni makali. Kila kinachoweza kumchanganya msimamizi kinaondolewa mapema, kwenye picha.

Tuanze na umbali, maana hapo ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Ukijipiga selfi mkono ukiwa umekunjwa, kamera iko kama sentimita 30 kutoka ncha ya pua. Masikio yako nyuma zaidi, tuseme sentimita 12 hivi. Kwa kamera, kitu kilicho karibu ni kikubwa, kwa hiyo pua inakuzwa mara 1.4 ukilinganisha na masikio. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu, tofauti hiyo inashuka hadi mara 1.08, ambayo jicho halishughuliki nayo. Watafiti wa Marekani walilipigia hesabu jambo hili mwaka 2018 wakapata kwamba selfi ya sentimita 30 huipanua pua kwa takribani asilimia 30. Yanayotokea kwenye masikio ni mabaya zaidi kwa mwombaji: yanajificha nyuma ya mashavu. Na NEET, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari India ambao kwa mwaka mmoja watu zaidi ya milioni mbili hujisajili kuufanya, unataka asilimia 80 ya picha iwe uso, masikio yaonekane, nyuma pawe peupe. Hakuna haja ya kamera ya bei mbaya. Mpe mtu simu, asimame mbali, lenzi iwe usawa wa macho yako, halafu akate picha baadaye.

Kisha mwanga. Hapa mtu mweusi anapaswa kuwa makini kuliko mwingine yeyote, kwa sababu kamera ina tabia ambayo masharti hayaitaji. Kamera inapopima mwanga yenyewe, hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, kina weupe wa wastani, kijivu cha katikati. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi kupita matarajio, inapunguza mwanga, na uso unageuka kivuli chenye macho mawili. Mwombaji analaumu simu. Simu imefanya ilivyofundishwa. Dawa yake ni ndogo: gusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili mwanga upimwe hapo na si ukutani. Halafu jitenge na ukuta, mita moja au zaidi, kivuli chako kidondokee sakafuni badala ya kukaa nyuma ya sikio. Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, likiwa mbele yako, linashinda taa ya dari, ambayo hujaza giza kwenye vitundu vya macho.

Nasema mtu mweusi awe makini kwa sababu mashine nazo zimerithi uzembe huo. Mwaka 2020 BBC iliupima mtambo wa kukagua picha kwenye tovuti ya pasipoti ya Uingereza kwa kutumia picha zaidi ya 1,000 za wanasiasa wa nchi mbalimbali. Wanawake wenye ngozi nyeusi zaidi waliambiwa picha zao zina kasoro kwa asilimia 22. Wanaume weupe, asilimia 9. Mdomo uliofungwa ulisomwa kuwa wazi. Ukikataliwa na mtambo wa namna hiyo, usikimbilie kujiona mwenye sura ngumu. Ongeza mwanga, rudia.

Mafundi wa studio waliyajua haya kwa mikono kabla hatujayaweka kwenye tarakimu, na walijua pia uchumi wake. Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna studio iitwayo Gulu Real Art Studio. Mashine ya picha za vitambulisho ilikuwa ikitoa nne kwa mpigo, na mteja mara nyingi anahitaji moja tu. Mwenye studio, Obal Denis, akaona nafuu ni kumpiga mteja picha kubwa ya kawaida, akiwa amekaa kitini, kisha kuutoboa uso kwa kikatio na kumpa. Mteja akaondoka na sura yake. Mwili ukabaki kwenye kapu. Mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo, aliyekuwa akiishi Burundi, aliyakuta mabaki hayo akayakusanya, na mwaka 2013 yakaonyeshwa New York: watu wenye dirisha la mstatili mahali pa kichwa, mikono ikiwa imetulia magotini. Ukiyatazama mengi pamoja unagundua kuwa koti moja linazunguka kutoka mtu hadi mtu. Lilikuwa la studio. Ofisi ilitaka ukosi na mabega yenye heshima, na hiyo ndiyo sehemu ya koti iliyoingia kwenye dirisha.

Leo fundi wa namna hiyo ana mteja mwingine mgumu: kilobaiti. Mitihani ya ajira za benki za umma India, inayoendeshwa na IBPS, inataka picha ya pikseli 200 kwa 230, faili lisipungue kilobaiti 20 wala lisizidi 50. Wengi huyaona masharti haya kama uchawi. Tuyahesabu. Pikseli 200 kwa 230 ni pikseli 46,000. Kila moja ina namba tatu za rangi, baiti moja kwa kila namba, jumla baiti 138,000. Hiyo ni kilobaiti 138, na mlango unapitisha 50. Karibu theluthi mbili ya habari za uso wako lazima ziachwe nje, na picha ibaki ni wewe.

Njia ya kuziacha ilibuniwa na mtoto wa India. Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore mwaka 1940, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kansas State alipoomba fedha mwaka 1972 kwa mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani. Akanyimwa, anakumbuka mkaguzi mmoja aliona wazo lenyewe ni jepesi mno. Akaendelea bila fedha hizo, na Januari 1974 akachapisha matokeo pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Mwaka 1992 wazo hilo jepesi likawa kiini cha JPEG, aina ya faili ambayo karibu kila fomu ya maombi huitaka.

Wazo hilo linafanya kazi hivi. Picha inakatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande kina namba 64 za mwanga. Badala ya kuzitunza kama zilivyo, hesabu inauliza kipande hicho kina mawimbi gani: mapana kiasi gani, membamba kiasi gani. Shavu ni mawimbi mapana. Unywele ni mawimbi membamba. Kwa kuwa jicho haliyaoni vizuri yaliyo membamba sana, hayo yanafifishwa hadi sifuri, na sifuri nyingi zilizopangana huandikwa kwa nafasi ndogo mno. Rangi nazo hupunguzwa kuliko mwanga, maana jicho ni jepesi kudanganyika kwa rangi.

Ukilielewa hilo, vituko vya saiba vinaeleweka. Ukuta mtupu hauna mawimbi, kwa hiyo picha safi mno inaweza kushuka chini ya kilobaiti 20 na kukataliwa kwa wepesi. Ukitumiwa picha kwa WhatsApp kama picha, inabanwa upya na mawimbi mengine yanapotea. Mwambie aliyekupiga aitume kama dokumenti. Na kuna wanaochukua faili la kilobaiti 9 wakalivuta hadi 30 ili mfumo ulikubali. Hapo umeongeza maji kwenye mchuzi: sufuria imejaa, nyama ni ileile. Rudi kwenye picha ya mwanzo, ile iliyotoka kwenye kamera, upunguze pikseli kwanza halafu ubane mara moja tu.

Jambo moja usilifanye hata ukisaidiwa bure: kulainisha ngozi na kuchonga taya kwa programu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna walionyesha kwamba sura mbili zikiyeyushwa kuwa moja, mashine inaweza kuwakubali wenye sura wote wawili kwa picha hiyohiyo. Tangu hapo picha iliyoguswaguswa inatiliwa shaka, hata kama lengo lako lilikuwa kuficha chunusi tu. Mwaka 2024 tume nyingine ya India, SSC, iliacha kupokea picha ya kupakia ikaanza kumpiga mwombaji palepale anapojaza fomu, bila kofia, bila miwani. Ujerumani nayo tangu Mei 1, 2025 inataka picha ya pasipoti ipigwe ofisini au itumwe na mpiga picha aliyeidhinishwa kupitia njia salama ya kidijitali. Karatasi uliyochapisha mwenyewe haipokelewi tena.

NEET bado inaipenda karatasi. Waombaji huambiwa wawe na nakala 6 hadi 8 za picha ileile waliyopakia, kwa sababu siku ya mtihani moja hubandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio, na nyingine zitatakiwa wakati wa kugawiwa vyuo. Zichapishe siku hiyohiyo uliyopiga, na lile faili la mwanzo, kubwa, ambalo halijakatwa, ujitumie mwenyewe kwa barua pepe.