Mwandishi na Kelele za Hadhira Mtandaoni: Mafunzo Kutoka Mara

UTANGULIZI

Wahakiki wamezoea kutofautisha fasihi simulizi na fasihi andishi kwa kigezo cha hadhira. Katika fasihi simulizi, fanani na hadhira huonana ana kwa ana. Katika fasihi andishi hawaonani, na katikati yao wapo mhariri, mchapaji na muuza vitabu. Mitandao ya kijamii imeuvuruga mpaka huo. Kijana anayetunga shairi Musoma mjini saa mbili usiku huweza kulituma Facebook au kwenye kundi la WhatsApp, na kabla hajanawa mikono ale, ameshajibiwa na watu wa Bunda, Dar es Salaam na Muscat.

Makala haya yana lengo la kueleza kwa nini hali hiyo huwachosha waandishi, na nini kifanyike ili kalamu isianguke. Suala hili si dogo, ndugu msomaji. Mwandishi akinyamaza kwa kuchoka, sisi wahakiki hatutakuwa na kazi ya kuhakiki.

CHANZO CHA UCHOVU

Hebu tuanze na mpiga ritungu wa Kikurya. Yeye hukaa katikati ya watu akaziona nyuso zao. Wakichoka anajua, wakifurahi anajua. Akitania mtu, anayetaniwa yupo pale pale na anaweza kujibu. Shughuli ikiisha, watu hutawanyika na fanani huenda kulala.

Sasa mlinganishe na mwandishi wa mtandaoni. Kwanza, shughuli yake haiishi. Simu iko mfukoni, na mtu wa bara jingine anaamka wakati yeye anataka kulala. Pili, haoni nyuso. Mtu akiandika "haya bwana", ni sifa au ni kejeli? Mwandishi hukaa akilikoroga neno hilo kichwani usiku kucha. Tatu, makofi yamegeuzwa kuwa tarakimu. Mpiga ritungu hahesabu makofi, lakini mwandishi wa mtandaoni huonyeshwa hesabu yake, na ya jirani yake pia. Shairi la watu 12 linaonekana dogo mbele ya kichekesho cha watu 12,000, ingawa kazi hizo mbili hazikuwa na lengo moja.

Nne, mtu na kazi yake huchanganywa. Mhakiki husema, "mhusika huyu hakujengwa vizuri." Mtandaoni husemwa, "wewe hujui kuandika," na mara nyingine kabila, dini au sura ya mwandishi huingizwa humo humo. Mwandishi wa kike hupata zaidi, maana akitunga hadithi ya mapenzi ataulizwa kama ni yeye aliyefanya hayo.

Tena tusisahau kwamba mitandao hii ni biashara. Kampuni zenye mitandao hupata fedha kwa matangazo, hivyo faida yao ni watu kukaa humo muda mrefu. Ugomvi huwakalisha watu, kwa hiyo ugomvi husambazwa. Mwandishi anayedhani kelele zote zinatokana na ubaya wa kazi yake anajionea tu.

SI JAMBO JIPYA KABISA

Mtu asije akadhani kwamba waandishi wa zamani waliishi raha mustarehe. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa mwaka 1923, kurasa za mashairi zilikuwa uwanja wa kujibizana. Katika miaka ya 1970 ukazuka mgogoro wa ushairi: wanamapokeo walidai kwamba tungo zisizo na vina na mizani si mashairi, na wanamabadiliko wakasimama upande wa pili.

Aliyekuwa katikati ya mgogoro huo alikuwa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Kisiwa hicho kimo mkoani Mwanza, lakini mtu wa Mara anakijua, kwani hupita Bunda hadi Kisorya akavuka kwa kivuko. Riwaya yake Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 na kwa kipindi ikazuiwa mashuleni. Hata hivyo, mwaka 1974 zilitoka Kichwamaji na diwani ya Kichomi, na kazi nyingine zikafuata hadi Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Alipingwa, lakini mpinzani wake alilazimika kukaa chini, kuandika hoja, kuituma na kungoja ichapwe. Muda huo ulikuwa kinga. Hasira nyingi zilipoa njiani, na hoja ndiyo ikafika.

Mfano wa pili unatoka kisiwa hicho hicho. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Wachapaji hawakupatikana, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye ikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Hiyo ni miaka 35! Simtaji ili vijana waambiwe wavumilie mateso kama yake. Kumngojesha mwandishi namna hiyo ni aibu ya jamii. Namtaja kwa sababu thamani ya riwaya ile haikupungua katika miaka yote ambayo haikuwa na msomaji. Ukimya wa hadhira si hukumu.

Mfano wa tatu uko Butiama. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar wa Shakespeare mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Yaani kazi iliyokwisha kutoka inaweza kurudiwa. Mwaka 1996, akiwa amekwisha kuacha madaraka, zilitoka tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume. Kazi ndefu kama ile haitungiki kwa kungoja makofi baada ya kila ubeti.

NINI KIFANYIKE

(i) Tenga pa kuandikia na pa kusomewa. Tunga kwenye daftari, au kwenye simu iliyozimwa data. Kazi ikiisha, ilaze siku mbili tatu ndipo uitume. Ukitunga huku ukichungulia majibu, utaanza kumtungia mtu mmoja mwenye kelele.

(ii) Weka saa ya kusoma majibu. Nusu saa jioni inatosha, lakini isiwe wakati wa kulala.

(iii) Yapange majibu mafungu matatu. Lipo fungu la uhakiki, linalotaja kitu ndani ya kazi: ubeti, mhusika, tarehe iliyokosewa. Hilo litunze hata kama limesemwa kwa ukali. Lipo fungu la ladha, "mimi sipendi mashairi huru." Hilo liache lipite, ni haki ya msomaji. Na lipo fungu la matusi, lisilotaja chochote kilichoandikwa. Hilo halina cha kujibiwa, fungia mtu njia. Likiwa ni vitisho, tunza nakala upeleke polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutumia mtandao kumtisha mtu.

(iv) Usijibu siku ile ile. Kama hoja ni ya maana, kesho itakuwapo. Kwa njia hii unajirudishia ile kinga waliyokuwa nayo akina Kezilahabi.

(v) Tafuta wasomaji wachache wa kuonana nao. Musoma, Bunda na Butiama si mbali. Watu watano wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akasoma kazi yake kwa sauti. Hapo nyuso zinaonekana, na neno kali husemwa na mtu utakayekunywa naye chai.

(vi) Ukiona usingizi umekata, chakula hakipiti na kalamu unaiogopa, usijikaze kisabuni. Acha mtandao kwa muda, mwambie mtu unayemwamini, na hospitali nenda. Uchovu wa akili hautibiwi kwa kuambiwa "puuzia tu".

HITIMISHO

Watu hupenda kumfariji mwandishi kwa methali ya kelele za chura zisizomzuia ng'ombe kunywa maji. Methali ni tamu, lakini haitoshi. Mwandishi hayuko kama ng'ombe. Yeye anahitaji kusikia, maana fasihi isiyosikia jamii yake hudumaa. Mitandao imewapa vijana wa Mara wasomaji ambao Kitereza hakuwapata, na tusitake kuwarudisha walikotoka. Kinachotakiwa ni mwandishi mwenyewe aamue saa ya kusikiliza na nani wa kumsikiliza. Nasi wahakiki tuna wajibu wetu: tukiingia mtandaoni tuijadili kazi, na jina la mama wa mtunzi tuliache nyumbani kwake.