MIWANI YA MTOTO ISIKAE SANDUKUNI

Mwezi huu tunapenda kuzungumza na wazazi na walezi juu ya watoto waliopimwa macho wakapewa miwani, kisha hawaivai.

Tuchukue mfano wa familia ya Chokocho, kule kusini mwa Pemba katika Wilaya ya Mkoani. Mwalimu amegundua kwamba mtoto wa darasa la nne haoni ubaoni. Mzazi anaacha shughuli zake kutwa nzima, anapanda gari na mtoto hadi Mkoani mjini, na pengine kutoka hapo anaelekezwa Chake Chake. Analipa nauli ya watu wawili, anangoja foleni, na siku nyingine anarudi tena kuchukua miwani. Baada ya gharama yote hiyo, wiki mbili hazipiti miwani iko sandukuni chini ya nguo za sikukuu, na mtoto amerudia kukodoa macho na kunakili daftari la jirani yake.

Wengi hudhani tatizo ni fedha tu. Fedha ni tatizo kweli, lakini siyo lote. Jijini Dar es Salaam ulifanyika utafiti kwa wanafunzi wa sekondari, ukachapishwa mwaka 2008. Baadhi ya wanafunzi walipewa miwani bure, wengine walipewa karatasi ya vipimo tu wakanunue wenyewe. Baada ya miezi 3, katika kila wanafunzi 100 waliopewa bure, 47 tu ndio walioitumia. Kwa wale wa karatasi walikuwa 26. Kwa hiyo hata pale ambapo mzazi hakutoa senti, zaidi ya nusu ya watoto hawakuivaa. Walipoulizwa sababu, wanafunzi walitaja gharama, wakataja pia kuchekwa na wenzao, na hofu ya wazazi kwamba miwani itawaharibu macho.

Tuanze na hofu hiyo, maana ni yetu sisi wakubwa. Miwani haiharibu jicho, wala haimfanyi mtoto awe mtumwa wake. Mtoto asiyeona mbali mara nyingi ana jicho refu kidogo kuliko kawaida, na picha inaangukia mbele ya pazia la nyuma ya jicho badala ya juu yake. Kioo huisogeza picha mahali pake, basi. Mwenye namba 3 ya kutoa huona sawasawa mpaka sentimita 33 hivi, yaani umbali wa kitabu kilichoshikwa mkononi; ubao kwake ni ukungu. Akivua miwani na kulalamika kwamba sasa haoni, si kwamba macho yamezidi kuharibika. Ameonja kuona vizuri, na ukungu wa zamani haumridhishi tena.

Wapo wazazi wanaomwomba mpimaji apunguze namba ili macho "yasizoee". Huko Malaysia jambo hili lilijaribiwa kwa miaka 2, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: watoto waliopewa miwani yenye nguvu pungufu ndio ambao namba zao ziliongezeka upesi zaidi. Mwacheni mpimaji afanye kazi yake. Na jicho moja likiwa dhaifu kuliko la pili, ucheleweshaji ni hatari zaidi. Ubongo huzoea kulitegemea jicho zuri na kuliacha lile jingine, na mtoto akishapita miaka 7 au 8 kulirudisha huwa kazi ngumu sana. Majani, asali au maziwa ya mama yanayotiwa machoni hayarekebishi hali hii, na huweza kuleta vidonda.

Sasa kuchekwa. Watoto humwita mwenzao "macho manne", "bibi", "kipofu". Inauma, tusimwambie haiumi. Lakini tujichunguze kwanza sisi nyumbani. Mama anayesema mbele za wageni, "Masikini mwanangu, mdogo hivi na miwani," amemfundisha mtoto kwamba amepatwa na msiba. Wapo hata wanaomvua mtoto miwani anapopigwa picha ya Komunyo ya Kwanza "ili apendeze". Mtoto ameelewa. Kwa mabinti maneno huwa makali zaidi, maana kuna shangazi atakayeuliza ni nani atakayemwoa.

Yafaa mzazi aende skuli kabla ya siku ya kwanza ya miwani, azungumze na mwalimu. Mwalimu akilieleza darasa kwa dakika 5 tu miwani inafanya kazi gani, na akaonya kwamba si kitu cha kuchezea wala kujaribishana, mzaha hupungua sana. Katekista naye na aambiwe. Ampe mtoto huyo kusoma somo katika Misa ya watoto akiwa ameivaa, bila kutoa hotuba juu yake.

Wakati mwingine mtoto hakatai kwa aibu, bali miwani inamwumiza. Inateleza puani kwa jasho, au inamkata nyuma ya masikio. Basi irudisheni ikakazwe, si kazi kubwa. Mwacheni achague fremu mwenyewe katika zile zinazomfaa; akipenda nyekundu, iwe nyekundu. Binti anayevaa mtandio skulini, kama walivyo wengi wa majirani zetu, aijaribu akiwa na mtandio wake kichwani, maana miguu ya miwani inayokaa vizuri kichwa wazi huweza kubana chini ya kitambaa. Siku za mwanzo ataona sakafu kama imeinama, na kichwa kitamwuma kidogo. Aanze nyumbani jioni, kisha aongeze saa. Hali hiyo ikizidi wiki 2, mrudisheni kwa mpimaji.

Vioo vya plastiki vinamfaa mtoto kuliko vya kioo chenyewe, kwa kuwa havivunjiki ovyo. Vioshwe kwa maji safi na sabuni kidogo, vikaushwe kwa kitambaa laini cha pamba. Pindo la kanga lenye vumbi huvikwaruza. Anapokwenda kuogelea miwani ibaki nyumbani ndani ya kibweta chake.

Mboni ikionekana nyeupe, au jicho likianza kwenda upande, msingoje zamu ya kupimwa skulini. Mpelekeni hospitali mara moja. Kwa wengine, mtoto apimwe upya kila mwaka, kwani jicho hukua pamoja na mwili. Na ile miwani ya zamani msimrithishe mdogo wake kama viatu, hata akiililia. Naye apimwe macho yake.