Kuingia Chuo Kikuu na Kudumu Humo

Watu wengi hudhani ya kuwa akili peke yake ndiyo imfikishayo mwanafunzi chuo kikuu. Akili yahitajika, sikatai. Lakini tukitazama mambo yaliyopita katika nchi yetu, tutaona kwamba kanuni na fedha nazo zina nguvu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, katika jumba la TANU mtaa wa Lumumba. Kikakua. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba amalizaye Kidato cha Sita afanye kazi kwanza, kisha aingie chuo akiisha kusifiwa na wakubwa wake kazini. Nia ilikuwa njema: wasomi waijue kazi ya wananchi. Lakini wasichana walioingia walipungua mno, maana miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Akili zao zilikuwa zile zile! Serikali ililiona jambo hilo, ikawaruhusu wasichana waingie bila kungoja.

Siku hizi kizuizi kikubwa ni fedha. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, husaidia wengi. Mwaka 2022 fedha za chakula na malazi zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hata hivyo si kila aombaye hupata, na apataye huenda asilipiwe ada yote. Tena fedha za kujikimu hutolewa baada ya mwanafunzi kufika chuoni na kujiandikisha. Nauli ya kutoka Kigoma, godoro, ndoo na chakula cha siku za kwanza ni juu ya mzazi. Mtu akikwama hapo akarudi kijijini, majirani husema masomo yamemshinda.

Liko na jambo dogo ambalo wazazi wetu huliacha mpaka dakika ya mwisho, nalo ni karatasi. Mwombaji wa mkopo hutakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi alete cheti cha kifo. Wako miongoni mwetu wasio na hata kimoja. Basi wazazi, vitafuteni vyeti hivyo likizo hii, mkatazame kama jina limeandikwa sawasawa na lile tulilosajiliwa kwa mtihani. Jina likiwa Mwanaidi huku na Mwanahidi kule, ofisi yaweza kudhani ni watu wawili.