Fahamu: Mmeachana, akaunti ya pamoja je?

Talaka haifungi akaunti. Kwa benki, wenye akaunti bado ni nyinyi wawili, na kinachofuatwa ni maelekezo mliyosaini siku ya kuifungua. Kama mlikubali saini ya mmoja yeyote itoshe, mwenzako anaweza kukomba salio lote leo, na benki ikasema imefuata maelekezo yenu. Hapo ndipo wengi wanapoumizwa, hasa wanawake.

Kwa hiyo usingoje hukumu. Iandikie benki kwamba kuna mgogoro, uombe miamala isimame au saini zote mbili zihitajike. Baki na nakala yenye mhuri. Benki ikikupuuza, kwa Tanzania malalamiko hupelekwa Benki Kuu.

Lakini nani anastahili kiasi gani? Hilo si la benki, ni la mahakama. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 huangalia mchango wa kila mmoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa. Aliyelea watoto asikubali kuambiwa hakuchangia chochote. Mahakama pia inaweza kuzuia fedha zisitolewe hadi shauri liishe.