Fundi anataka nusu aanze: kulipia harusi ya mafundi wa hapa nyumbani

Unapanga harusi na umeamua nguo, vyondo, maua na chakula vyote vitoke hapa hapa kwetu. Vizuri. Sasa fundi wa nguo amekuambia, "Nitumie nusu nianze kazi." Shangazi kwenye kamati ananong'ona kwamba ukituma hiyo nusu huenda usimwone tena. Na fundi naye akikataa kuanza bila pesa, si ujeuri. Hana marobota ya kitambaa nyuma ya duka. Pesa yako ndiyo mtaji wake.

Hoteli kubwa itakupa mkataba wa kurasa nne. Fundi wa Gikomba atakupa nambari ya simu. Kwa hiyo kumbukumbu ya malipo kwenye simu yako ndiyo itakuwa karatasi yako, na inafaa uipange vizuri kabla ya kuweka PIN.

Anza kwa kujua bei imetoka wapi. Tuseme nguo za wapambe sita ni KSh 30,000. Muulize fundi kitambaa ni pesa ngapi na kushona ni pesa ngapi. Akisema kitambaa ni 12,000, hiyo ndiyo anayohitaji leo, si 15,000. Mnaweza hata kwenda dukani pamoja, ulipe kitambaa mwenyewe kwa Till ya duka. Kisha mpe 8,000 siku ya kupima, ukishaziona nguo kwa macho, na 10,000 iliyobaki siku ya kuzichukua. Siku ya kupima iwe wiki tatu kabla ya harusi, si siku tatu. Nguo ikibana kuna muda wa kuirekebisha, na fundi bado ana sababu ya kupokea simu yako.

Kuhusu kitambaa chenyewe: kitenge kingi kinachouzwa sokoni kimetoka ng'ambo, hata kama anayekishona ni jirani yako. Kama kwako ni muhimu kiwe cha Kenya, uliza kabla ya kukata. Rivatex ya Eldoret na Maridadi Fabrics ya Nairobi ni majina ya kuanzia. Vyondo na viatu vya ngozi utavipata Kariokor. Sahani za mawe ya Kisii zinachongwa Tabaka. Kwa leso, Biashara Street kule Mombasa utachagua jina la leso mpaka uchoke, na hapo pia uliza ilichapishwa wapi.

Maua ni hadithi tofauti. Waridi za Naivasha zinalimwa karibu nasi lakini nyingi zinapanda ndege kwenda Ulaya, na mahitaji huko yanapopanda, bei ya hapa nayo inaguswa. Harusi ya wiki ya Valentine ni harusi ya maua ghali. Ukiweza, isogeze tarehe, au mwambie mpambaji atumie majani mengi na waridi chache.

Sasa turudi kwenye simu. Kabla hujaweka PIN, jina la anayelipwa linaonekana kwenye skrini. Lisome. Biashara ndogo nyingi zinatumia laini ya mwenye duka, ya mke wake au ya mfanyakazi, kwa hiyo jina usilolijua si lazima awe mwizi. Lakini muulize mapema: "Itatokea jina gani?" Akijibu bila kusita na likalingana, endelea. Akibadilisha nambari katikati ya kazi kwa meseji, mpigie kwa nambari ile ya kwanza umsikie sauti.

Akiwa na Till, tumia Till. Mteja hakatwi ada akilipa kwa Till ya kununua bidhaa, na malipo yanaingia kwa jina la biashara yake. Ukishalipa, mtumie meseji fupi hapo hapo: "Nimelipa 12,000 ya kitambaa, nguo sita, kupima tarehe 7, zimebaki 18,000." Akijibu "sawa", mmeelewana kwa maandishi. Usifute hiyo meseji hata kama simu inalia imejaa.

Ukikosea nambari, omba kurudishiwa mara moja. Pesa ikishatolewa au kutumiwa na aliyeipokea, kuirudisha kunakuwa kugumu.

Michango ya kamati ndiyo inayoleta ugomvi zaidi. Ikiingia kwenye simu ya binamu mmoja, inachanganyika na nauli yake, kodi yake na deni la bando, na baada ya mwezi hata yeye mwenyewe hajui ya harusi ni ipi. Tafuteni laini au akaunti ya pamoja ambayo haifanyi kazi nyingine, na mweka hazina atume taarifa ya malipo kwenye kundi kila Jumapili jioni. Kumbukeni pia kuna kikomo cha pesa kwa muamala mmoja na kwa siku. Mkingoja kulipa tenti, mbuzi na vyakula vyote asubuhi moja, mnaweza kugonga kikomo mwenye tenti akiwa amesimama getini.

Siku yenyewe, bwana harusi asilipe mtu. Chagueni mtu mmoja asiye kwenye maandamano wala picha, mpeni orodha ya nani anadai ngapi na jina litakalotokea, na pesa iingie kwenye laini yake usiku wa kuamkia harusi. Kama sherehe iko mashambani, aende siku moja mapema ajaribu mtandao pale uwanjani, na abebe paoabenki iliyojaa.