Je, Wajua? Pointi 7 za Kucheka, Pointi 7 za Kulia

Novemba ikiingia, nyumba yenye mtahiniwa huwa na sheria zake. Televisheni hupunguzwa sauti, vyombo huoshwa na mdogo mtu, na wageni huambiwa mapema kwamba mtoto yuko kwenye pepa. Ila waulize wenye nyumba matokeo ya pepa hizo hupangwaje, na pointi huhesabiwaje, uone watakavyotazamana. Soma haya, ukaamue ubishi.

Je, wajua kwamba pointi 7 ni shangwe Tanzania na kilio Kenya?
Kidato cha nne Tanzania huhesabiwa masomo saba bora: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Mwenye pointi 7 kapata A zote. Kenya nao huhesabu masomo saba, lakini huko A ni pointi 12 na E ni 1. Mwenye pointi 7 kapata E zote. Binamu wawili, mmoja Namanga ya huku na mwingine Namanga ya kule, wanaweza kutumiana ujumbe wenye tarakimu ileile, mmoja akachinjiwa mbuzi na mwingine akafungiwa simu.

Je, wajua kwamba Tanzania yenyewe hubadili hesabu njiani?
Kwenye kidato cha sita, Baraza la Mitihani (NECTA) huipa A pointi 1. Herufi hiyohiyo ikifika kwenye vigezo vya kuingia chuo kikuu inageuka pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Sifa ya chini ya shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Ndiyo maana kijana mwenye "divisheni wani ya 6" husikika wiki hiyohiyo akisema ana pointi 12, na mama yake akadhani amefeli ghafla.

Je, wajua kwamba alama 19 zinaweza zisionekane, na alama moja ikaonekana?
Kidato cha nne Tanzania, C huanzia 45 hadi 64. Aliyepata 45 na aliyepata 64 wanatoka na herufi moja. Aliyepata 65 ana B. Cheti hakina kumbukumbu kwamba wa 64 alimkaribia wa 65 kuliko alivyomkaribia jirani yake wa 45.

Piga hesabu hii.
Mtahiniwa ana A moja, B mbili, C tatu na D moja. Hiyo ni 1, ongeza 4, ongeza 9, ongeza 4: jumla 18. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Huyu ni daraja la pili. Ile D ingekuwa C, angekuwa daraja la kwanza. Na D huishia 44, kwa hiyo pengine alama moja tu ndiyo iliyomzuia.

Je, wajua kwamba GS haiingii kwenye divisheni?
Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha sita wamefanya General Studies, GS kama wanavyoiita wenyewe, lakini daraja huhesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi peke yake. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9. GS hubaki pembeni ya matokeo na herufi yake, ikitazama.

Je, wajua kwamba wahitimu wengi wa Tanzania huhitimu kabla ya mtihani?
Mahafali ya kidato cha nne hufanyika wiki kadhaa kabla ya pepa ya kwanza. Keki hukatwa, picha hupigwa, wazazi hutunza, na mgeni rasmi husomewa risala: waliandikishwa wangapi, wamebaki wangapi, kisha changamoto. Hapo hutajwa walimu wa sayansi, uzio, maabara na mashine ya kudurufu. Mgeni rasmi huchangia, huahidi, huondoka. Jumatatu wahitimu wamerudi darasani kupiga msuli.

Je, wajua kwamba mitihani ni jambo la Muungano?
Elimu ya msingi na sekondari Zanzibar iko chini ya wizara ya Zanzibar yenyewe. Lakini Baraza la Taifa la Mitihani limo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, ile orodha ya mambo 22 ya Muungano, pamoja na ulinzi, uraia na sarafu. Kwa hiyo mtahiniwa wa kidato cha nne wa Wete na mwenzake wa Songea hufungua bahasha ya maswali yaleyale.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mtihani mmoja?
Enzi za ukoloni, mitihani ya sekondari ilikuwa ya Cambridge, na karatasi zilisahihishwa Uingereza. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa 1971 na kuunda NECTA kwa sheria ya 1973. Kenya ikapata KNEC yake 1980, na Uganda UNEB 1983. Nchi zilipoachana, kila moja ilichukua na kanuni zake za kuhesabu.

Je, wajua kwamba kuna matokeo yaliyofutwa baada ya kutangazwa?
Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi ikatikisika, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei serikali ikatangaza kwamba yanafutwa na kuchakatwa upya kwa utaratibu uliotumika 2011. Maelfu ya waliokuwa wamelala na sifuri waliamka na daraja, bila kushika kalamu tena.

Je, wajua kwamba divisheni ziliwahi kuondolewa?
Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitoka kwa mfumo wa GPA. Wazazi waliozoea "wani" na "foo" walipewa wastani wenye nukta. Mfumo haukudumu: waziri mpya wa elimu, Joyce Ndalichako, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa NECTA, aliurudisha ule wa divisheni, na matokeo ya 2015 yakatoka kwa lugha ya zamani.

Je, wajua kwamba "kumi bora" imefutwa?
Januari 2023, NECTA ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, haikutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora. Hoja ilikuwa kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira sawa. Kenya ilikuwa imepiga marufuku upangaji wa shule tangu 2014.

Je, wajua kwamba mwaka mmoja A za Kenya karibu ziishe?
KCSE ya 2015, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ilitoa zaidi ya A 2,600. Ya 2016 ilitoa 141. Katikati yake alipita waziri Fred Matiang'i. Karatasi ziliwekwa kwenye kontena zenye kufuli mbili, walimu wakuu wakaenda kuzichukua wenyewe alfajiri, na muhula wa tatu ukakosa siku za kutembelewa na ibada za kuombea watahiniwa. Matokeo yalitangazwa kabla mwaka haujaisha. Tangu hapo A zimerudi taratibu: KCSE ya 2024 ilikuwa nazo 1,693.

Je, wajua kwamba mwaka 2022 Kenya ilifanya KCSE mara mbili?
Korona ilifunga shule Machi 2020, na ratiba ikasukumwa mbele. Darasa la 2020 lilifanya mtihani Machi na Aprili 2021. Darasa la 2021 likafanya Machi 2022, na darasa la 2022 likafanya kuanzia Novemba mwaka huohuo. Tanzania, kidato cha sita walirudi shuleni Juni 1, 2020, na mtihani ukaanza Juni 29, baada ya kama wiki nne tu za kujiweka sawa.

Je, wajua Kiswahili cha KCSE kina karatasi ngapi?
Tatu. 102/1 ni insha, alama 40: mbili huandikwa, na ya kwanza ni ya lazima. 102/2 ni lugha, alama 80: ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii. 102/3 ni fasihi, alama 80 nyingine. Timothy Arege ni miongoni mwa waandishi ambao watahiniwa wamekesha nao zaidi ya mara moja: tamthilia zake mbili, Mstahiki Meya na Bembea ya Maisha, zimewahi kuwa vitabu teule.

Na je, wajua kwamba Kiswahili si lazima tena kihesabiwe?
Kuanzia KCSE ya 2023, gredi ya wastani hupatikana kwa Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, kisha masomo matano bora ya mtahiniwa. Kabla ya hapo Kiingereza na Kiswahili vyote viwili vilikuwa ndani, vipendeze visipendeze. Idadi ya waliofikisha C+, kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu, ikapanda mwaka huohuo.

Je, wajua kwamba saa ya Hisabati si sawa kwa wote?
Kwa watahiniwa wasioona, NECTA huongeza dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Maswali yao huja kwa nukta nundu, na wenye uoni hafifu huletewa maandishi yaliyokuzwa.

Je, wajua kusoma namba ya mtahiniwa?
Ikianza na S, huyo ni wa shule. Ikianza na P, ni mtahiniwa wa kujitegemea. Tarakimu zinazofuata ni za kituo, kisha za mtahiniwa. Kwenye orodha ya matokeo wasichana hutangulia, wavulana wakafuata, kwa hiyo kwenye shule ya mchanganyiko ukiona namba 0001, tegemea ni binti. Halafu jicho hukimbia mstari mzima, CIV, HIST, GEO, mpaka B/MATH, mahali ambapo familia nyingi huvuta pumzi.

Je, wajua kwamba unaweza kufanya kidato cha nne bila kukaa kidato cha kwanza?
Upo Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT. Ukifaulu, unaruhusiwa kujiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wanaorisiti nao hupita kwenye herufi hiyo ya P. Kwa miaka mingi ndiko walikolazimika kupita wasichana waliopata ujauzito, kwa kuwa shule za kawaida hazikuwapokea. Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu warudi darasani baada ya kujifungua.

Je, wajua kwamba Kongo waliofaulu humwagiwa poda?
Mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari kule huitwa kwa kifupi Exétat, na hufanywa katikati ya mwaka, kwa kuwa mwaka wa shule wa Kongo huanza Septemba. Kiwango cha kufaulu ni asilimia 50. Matokeo yakitoka, poda nyeupe hupanda bei mitaani: aliyefaulu humwagiwa kichwani hadi kope, naye huzunguka nayo hivyo hivyo siku nzima. Asiye na poda siku hiyo haulizwi kitu.

Je, wajua Uganda huhesabu hadi ngapi?
Kidato cha sita, kilele ni pointi 20: A tatu za masomo makuu ni pointi 18, na masomo mawili madogo hutoa moja moja. Kule, kama Kenya, nyingi ndizo nzuri.

Je, wajua mtahiniwa huenda wapi akiweka kalamu chini?
Wa kidato cha nne Tanzania humaliza Novemba, hupata matokeo Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Miezi yote hiyo hugawanywa kati ya masomo ya pre-form five, duka la mjomba na kulala. Wa kidato cha sita humaliza Mei, na wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria kabla hata matokeo hayajatoka Julai. Utaratibu huo ulisitishwa 1994, ukarudi 2013.

Je, wajua kwamba tahasusi si PCM, PCB na HGL pekee?
Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, 49 kati ya hizo zikiwa mpya. Kaka mtu aliyechaguliwa HKL zamani hawezi tena kumshauri mdogo wake kwa kumbukumbu.

Na je, wajua kwamba KCSE ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 ina tarehe ya kufa?
Ilianza 1989, mwaka ambao KACE ya kidato cha sita ilifanywa kwa mara ya mwisho. Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, huku wadogo zao wakipanda sekondari ya juu, kuanzia Daraja la 10 hadi la 12. Ndani ya ukoo mmoja wa Kenya unaweza kukuta babu mwenye cheti cha Cambridge, shangazi mwenye cha Afrika Mashariki, baba mwenye KACE na dada mwenye KCSE. Kila mmoja aliambiwa kwamba mtihani wake ndio mwisho wa yote. Baraza lililompa shangazi cheti lilishavunjika zamani. Shangazi alifundisha hadi akastaafu, na pensheni yake inaingia kila mwezi.