Gesi ya Kuongeza Nguvu ya Motokaa: Mtambo Mkavu au wa Majimaji?

Vijana wengi wa Bukoba na Muleba wapendao motokaa wamekwisha sikia habari za gesi iitwayo naitrasi oksaidi, ambayo huongeza nguvu ya injini kwa ghafula. Mitambo ya kuitia gesi hiyo katika injini ya petroli ni ya namna mbili: mkavu na wa majimaji. Mara nyingi nasikia watu wakibishana upi ulio bora. Nataka kueleza tofauti yake kwa Kemia na Fizikia tunazofundishwa darasani, maana achaguaye vibaya hapotezi fedha tu, bali huua injini.

Kwanza tuijue gesi yenyewe. Joseph Priestley wa Uingereza aliitengeneza mwaka 1772. Mwaka 1799 Humphry Davy aliivuta mwenyewe ili kuijaribu, akaona furaha ya ajabu, na tangu hapo ikaitwa gesi ya kuchekesha. Hata leo madaktari huitumia kupunguza maumivu. Gesi hii si petroli, wala haiwaki yenyewe. Kazi yake ni kuleta oksijeni. Chembe yake moja ina naitrojeni mbili na oksijeni moja, yaani 28 na 16, jumla 44. Basi katika gramu 100 za gesi hii, kama gramu 36 ni oksijeni. Lakini katika gramu 100 za hewa tuivutayo, oksijeni ni kama gramu 23 tu. Ndani ya silinda gesi hupata joto kali, huvunjika, na oksijeni hutoka tayari kwa kuunguza mafuta. Tena inapotoka mtunginı hali ya kimiminiko na kugeuka kuwa mvuke, huipoza sana hewa inayoingia, na hewa baridi hushikamana zaidi, kwa hiyo nyingi zaidi huingia.

Sisi wa Kagera twaweza kufahamu jambo hili upesi. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa hewa imepungua kama sehemu moja katika kumi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo injini ya kawaida hapa haipati nguvu zake zote. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani walikuwa na shida hiyo hiyo katika ndege zao zilizoruka juu sana, wakatumia gesi hii katika mtambo waliouita GM-1.

Sasa tufanye hesabu. Tuichukue petroli kuwa ni oktani, C8H18. Gramu 1 ya petroli huhitaji kama gramu 15 za hewa ili iungue yote. Lakini kwa naitrasi oksaidi huhitaji kama gramu 9.6 tu. Maana yake ni hii: kila gramu 9.6 za gesi unazoongeza, lazima uongeze na gramu 1 ya petroli. Usipoiongeza, mchanganyiko unakuwa na oksijeni nyingi kuliko mafuta, joto linapanda mno, injini inaanza kugonga, na mwisho pistoni hutoboka. Hapa ndipo tofauti ya mitambo miwili inapoanza. Swali ni moja: petroli hiyo ya ziada italetwa na nani?

Katika mtambo mkavu, mpira mmoja tu hutoka mtungini na kupuliza gesi katika bomba la hewa. Petroli ya ziada huletwa na nozeli za injini yenyewe, baada ya fundi kuirekebisha kompyuta ya gari ili zifunguke muda mrefu zaidi, au baada ya kupandisha presha ya mafuta. Uzuri wake ni kwamba kazi ya kuufunga ni ndogo, na bomba la hewa halilowi. Hatari yake ni kwamba nozeli na pampu huenda zimekwisha fika mwisho wa uwezo wao.

Katika mtambo wa majimaji, mipira miwili, wa gesi na wa petroli, hukutana katika pua moja na kupuliza vyote pamoja. Jina hili halina habari ya maji. Ni petroli inayolowesha bomba. Uzuri wake ni kwamba gesi huja na mafuta yake. Hatari yake ni kwamba mabomba ya motokaa za siku hizi yalitengenezwa kupitisha hewa tu. Petroli huweza kuanguka kwenye kona na kufanya kidimbwi. Silinda moja ikapata nyingi na nyingine ikapata kidogo, na pengine moto ukarudi nyuma na kupasua bomba. Kwa hiyo hufunguliwa tu wakati injini inazunguka kwa kasi na pedeli imekanyagwa mpaka mwisho.

Basi uchaguzi ni huu. Motokaa ya zamani yenye kabureta haina kompyuta wala nozeli, kwa hiyo ifae ya majimaji peke yake. Motokaa yenye nozeli, ikiwa nguvu inayotakiwa ni kidogo na fundi ana chombo cha kurekebisha kompyuta, yaweza kutumia mkavu. Nguvu nyingi zikitakiwa, au nozeli zikiwa ndogo, wa majimaji ni salama zaidi. Kwa mitambo yote miwili, cheche ya plagi icheleweshwe kidogo, maana moto huenda upesi zaidi. Na mtungi usipashwe moto kamwe. Hata katika joto la kawaida, kama digrii 20, presha yake ni kama mara 50 ya hewa ya nje.

Binamu yangu wa Muleba, ambaye huchukua abiria kwa motokaa ndogo, aliweka kando fedha za kahawa ili anunue mtambo huu apate kupanda mlima wa Kamachumu bila taabu. Tulipiga hesabu pamoja. Mtungi wa kilo 4.5, kwa kuongeza nguvu za farasi 50, huisha kwa dakika tatu hivi. Hata ukimfikisha juu mara moja, safari ya pili angepanda na mtungi mtupu. Nilimsihi apimishe kwanza mgandamizo wa silinda. Moja ilionekana dhaifu; gesi ingeimaliza kabisa. Fedha zile zikaenda kwenye ringi mpya, plagi na chujio cha hewa, na motokaa yake inapanda.

Mitambo hii ni ya uwanja wa mashindano, ambako sekunde kumi ni safari nzima. Yeyote atakayeitaka, asianze kwa kuuliza upi una nguvu. Aulize nani atailetea oksijeni hiyo petroli yake, na kwa kipimo gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na injini nayo ni mali.